Shanga Juu ya Kibaba cha Mchele

Asar 29

Dada Tulasa, nisamehe. Daftari hili ulinipa tulipoagana kituo cha basi, baridi ikiwa bado inauma, ukaniambia: "Andika unavyouza, mvua zikiisha nitumie nisome." Sasa mwezi wa Asar unaisha, watu wameshamaliza kupanda mpunga, na ukurasa wa kwanza ndio huu. Sina kisingizio cha maana. Munu anaota magego, mama mkwe ana mgongo, na mimi nikikaa chini tu nasinzia na sindano mkononi. Kwenye simu nakwambia "tuko salama" kwa sababu Mama hukaa upande wa pili wa pazia, na masikio yake ni mazima kuliko mgongo wake.

Humu nitasema kweli. Ninaogopa. Naogopa mlima ulio nyuma ya nyumba, maana mwaka huu umepata ufa. Naogopa simu ikilia, na naogopa isipolia. Dambar wangu ana miaka miwili na nusu Qatar sasa. Mkataba wake unaisha sikukuu ya Dashain, na wakala ameshaanza kumwimbia habari za kuongeza miaka miwili mingine. Nimemwambia asitie sahihi. Akacheka: "Nikirudi tutakula nini, shanga?" Nikamjibu ndiyo, tutakula shanga.

Basi mambo ndiyo hayo. Duka langu la mtandaoni lisipochangamka kabla ya Tij, mfungo wetu wa wanawake, baba Munu harudi.

Saun 2

Mvua. Nimetunga mikufu miwili ya kijani. Nimemtoa ruba kwenye mguu wa Munu, na alikuwa ndani ya nyumba!

Saun 5

Leo nimeingia laivu kwa mara ya kwanza. Nilijifunga kitambaa chekundu, nikapaka poda nyekundu ya walioolewa kwenye mstari wa nywele kama bibi harusi, nikasimamisha simu kwenye mtungi wa maji. Nikaonyesha jinsi ninavyofunga uzi kwenye kidole gumba cha mguu na kutunga shanga nikiuvuta. Walioingia kutazama walikuwa sita. Mmoja ni wewe. Mmoja ni binamu wa Dambar wa Butwal, aliyeandika, "Shemeji, huo mguu umeuosha?" Wengine wanne sikuwajua.

Nilipozima, Mama akauliza nyuma ya pazia: "Umeuza ngapi?"

"Hakuna, Mama."

"Basi umeonyesha dunia mguu wa mkwe wangu bure."

Saun 8

Wanawake waliotazama wameandika wote jambo lilelile. Shanga za kuuza hazionekani, zinachanganyika na shanga zangu za ndoa. Wanaona nyekundu juu ya kijani, kijani juu ya nyekundu, na kile kipande cha dhahabu katikati, hawajui wananunua nini. Mmoja kasema ni kama kuangalia soko kupitia tundu la ufunguo.

Na wewe uliniambia hivyo jana. "Picha iwe safi, Pabitra. Huku Kathmandu watu hupiga picha shingo tupu na kitambaa cheupe, rangi zinaruka zenyewe." Huku siyo Kathmandu, Dada. Sijawahi kuvua shanga hizi tangu Dambar anivishe. Hata kuoga naoga nazo.

Saun 12, Jumamosi

Dambar amepiga. Amesema wanahamishwa kwenda eneo lingine la ujenzi, mbali, hakuna hata mti. Amesema joto la huko linamfanya mtu asikie meno yake. Munu akaibusu simu, akaipaka mate. "Jumamosi ijayo nitapiga," akasema. Kisha: "Wakala kaleta karatasi." Nikamwambia, "Iache mezani." Akasema huko hakuna meza.

Saun 15

Nimefanya, Dada.

Niliosha nywele asubuhi, kwa hiyo poda nyekundu ilikuwa imetoka. Macho yalikuwa yamevimba kwa moshi, kuni zote zimelowa. Nikajifunika shuka jeupe la kitanda mabegani, nikavua shanga zangu, nikaziweka juu ya kibaba cha mchele, maana sikutaka ziguse sakafu. Nikavaa ule mkufu wa bluu na dhahabu niliouhangaikia siku nne. Nikapiga picha moja, mbili, tatu. Rangi ziliruka kweli.

Mama akaingia na kuni.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka kuni chini moja moja, akaangalia shingo yangu, akaangalia shuka, akaangalia kibaba.

"Vaa," akasema.

"Ni picha tu, Mama. Dakika mbili."

"Mume wako yuko juu ya vyuma huko angani na wewe umekaa na shingo tupu nyumbani kwangu. Vaa!"

Nikakosa kishikizo mara tatu. Akanifungia yeye. Vidole vyake ni baridi kama vya mtu aliyetoka kisimani. Mama ni mjane, unajua. Hajawahi kuniambia siku aliyovuliwa zake ilikuwaje, na leo pia hakuniambia. Alikwenda kukaa mlangoni akatazama mvua mpaka chai ikapoa.

Hata hivyo nimeituma picha. Nilikuwa nimeshaihangaikia mno, singeweza kuiacha.

Saun 17

Watu mia nne wameipenda. Mia nne, Dada! Nilizoea kumi na mbili.

Saun 18

Maagizo tisa, tena ya bluu na dhahabu yote. Pokhara, Chitwan, hata Dharan. Cha ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeomba nipunguze bei. Mwanamke gani wa nchi hii ananunua shanga bila kuvutana? Mmoja amelipa zaidi, nikamwandikia amekosea, akajibu, "Sijakosea, dada yangu. Jikaze."

Nimejikaza kweli. Nimetunga mpaka kidole cha mguu kimekuwa na mfereji.

Saun 19, Jumamosi

Hakupiga.

Saun 20

Hakupiga. Nimempigia, simu inasema haipatikani.

Saun 21

Jumatatu. Nimefunga kama wanawake wote mwezi huu, nimemwagia mungu maji na maziwa. Hakupiga.

Saun 24

Maagizo kumi na manne. Ningekuwa nacheza. Badala yake kila simu ikitetemeka naikimbilia, na kila nikiona ni mteja namchukia huyo mteja, maskini wa watu.

Nikipita Mama anaangalia shingo yangu. Nikiinama kupuliza moto, anaangalia. Nikimnyonyesha Munu, ambaye hupenda kuzivuta shanga, anamwondoa mkono: "Acha, acha, usikate."

Najua anachowaza kwa sababu nawaza hichohicho.

Saun 26, Jumamosi

Hakupiga. Barabara ya chini imefungwa na maporomoko, basi halikuja, mifuko yangu ya wateja imekaa kituoni. Umeme umekatika tangu jana.

Bhadau 3

Nimekwenda kwa wakala mjini, nimembeba Munu mgongoni na mwavuli karibu niung'ate kwa meno. Wakala akasema, "Dada, mtu kukaa wiki tatu bila kupiga siyo habari. Habari mbaya huja haraka." Kisha akaniuliza kama Dambar ameshatia sahihi. Nilisimama. Nikamwambia akipatikana ndiye atakayesema, na mimi nitakuwa nimesimama karibu yake akisema.

Njiani kurudi nimelia, mvua ikanisaidia nisionekane.

Bhadau 4

Ufa wa mlimani umeongezeka kiganja kimoja. Mama ameupima kwa fimbo.

Bhadau 9

Nitaandika yote. Nikiacha nitaanza kujiuliza kama ilitokea.

Mchana nilikuwa nakoroga ugali wa ulezi. Mama alikuwa anachambua mboga zilizochachuka. Nikasikia kilio kinakuja kutoka njia ya chini, kile kilio cha wanawake cha kuanza juu na kushuka, ambacho kila mtu hapa anakijua. Nikafikiri, kwa nani tena? Kikapita kwa jirani. Kikapita kwenye kisima. Kikaingia uani kwetu.

Alikuwa Shangazi Hiradevi, dada wa marehemu baba mkwe, na wanawake wawili wa ukoo nyuma yake, wote wamelowa.

"Mwanetu ameondoka!" akalia. "Dambar wetu ameondoka, uuuwi, ameanguka huko mchangani!"

Mwiko ulinitoka. Sikusikia kitu tena, niliona midomo tu. Nilimtafuta Munu kwa macho. Alikuwa amekaa chini anagonga kibaba kwa kijiko. Nikajua kwamba nikianza kulia mtoto atakumbuka, ingawa ni mdogo, mwili wake utakumbuka. Nikauma shavu kwa ndani.

Shangazi akanijia. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshanyooshwa kwenye shingo yangu. Wale wawili wakanishika viganja ili wavunje bangili. Ndivyo inavyofanywa mume akifa, Dada, wanakuvua haraka kabla hujapata nguvu za kukataa.

"Hiradevi," Mama akasema. "Mkono wako."

Sijui alisimamaje na mgongo ule. Alikuja akaweka kiganja chake juu ya shanga zangu, kikabana mpaka kifuani, kipande cha dhahabu kikanichoma.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Wifi, watu wote wanajua! Mmebaki nyinyi tu."

"Watu wote ni nani? Wana jina?"

"Huu siyo wakati wa maswali."

"Ndio wenyewe. Kampuni imepiga? Ubalozi umepiga? Kuna maiti?"

"Wifi, usijidanganye. Tunajua unavyoumia..."

"Unajua?" Mama akasema, na sauti yake ikawa ndogo sana. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mliniburuta mtoni, na aliyenivua alikuwa wewe. Ulikuwa na haraka siku ile pia. Ulizikata kwa meno, nikaziona zinakwenda na maji. Hii shingo hamtaigusa. Nitakapomwona mwanangu amelala, nitamvua mkwe wangu mimi mwenyewe, taratibu. Mpaka hapo yeyote atakayeinua mkono nitamvunja kidole. Nina mgongo mbovu, lakini meno ninayo."

Wakaondoka wakilia kwa sauti ya chini. Mama akakaa palepale sakafuni. Ugali uliungua. Tuliula hivyohivyo, kwa sababu ya Munu, mmoja akimtazama mwenzake ameze.

Miaka mitatu nimemwogopa mwanamke huyu, Dada. Nilidhani analinda mwanawe dhidi yangu.

Bhadau 10

Asubuhi nikamwambia Mama: "Habari ina miguu. Nitaifuata nilijue pango lake." Akasema, "Nenda. Mtoto niachie."

Nilikwenda kwanza kwa Shangazi. Nilisimama uani kwake nikakataa kukaa. "Shangazi, shikamoo. Ulisikia kwa nani?" Akasema kwa Juna, mke wa mwenye mashine ya kusaga. Nikaenda kwenye mashine. Juna aliponiona akaanza kufuta macho. Nikamwambia, "Usilie kwanza. Kwa nani?" Akasema kwa dada yake wa Butwal, amempigia juzi: "Kumbe yule mkwe wa kina Khadka wa kwenu amefiwa na mume?"

"Mpigie," nikasema.

Akapiga, akanipa simu. Sauti ya huyo dada ilikuwa nzuri, yenye huruma. Nikajifanya jirani.

"Wewe umejuaje, dada?"

"Si nimemwona kwa macho yangu! Yule mjane mchanga anayeuza shanga mtandaoni. Mimi mwenyewe nimenunua mkufu wa bluu. Ngoja nikutumie."

Picha ikaingia kwenye simu ya Juna.

Ilikuwa mimi. Shuka jeupe kama vazi la mjane, macho yaliyovimba, mstari wa nywele mtupu, shingo haina kitu ila bluu na dhahabu, rangi ambayo mjane anaruhusiwa. Juu yake mtu nisiyemjua ameandika: *Mume amefia ng'ambo, ameachwa na mtoto mdogo. Anajishughulisha. Tumnunulie.* Imesambazwa mara elfu mbili.

Hakuna aliyesema uongo, Dada. Habari za ng'ambo na za mtoto nilizisema mwenyewe kwenye ile laivu, mengine waliona walichokiona. Mtu yeyote wa huku angesema hivyo. Mimi mwenyewe nikiiona bila kujijua ningesema, maskini, angali mdogo.

Nikarudi mbio, nikateleza mara mbili kwenye tope. Mama alipoelewa alicheka. Alicheka mpaka mgongo ukamkamata, nikamshika. "Kwa hiyo umemuua wewe," akasema, "na shuka langu!" Tukacheka wote, Munu naye akacheka asijue kitu.

Kisha Mama akafuta macho.

"Lakini mbona hapigi?" akauliza.

Bhadau 11

Hakupiga. Sasa naogopa vibaya zaidi. Jana nilikuwa na wa kumlaumu. Leo najiuliza kama shingo yangu ilitangaza jambo, na jambo likasikia.

Sijamwambia Mama. Nadhani hana haja ya kuambiwa.

Bhadau 12

Nimewaza hivi. Kama ukurasa wangu umeweza kumuua mtu kwa wiki chache, uweze pia kumtafuta.

Nimeingia laivu nikiwa na shanga zangu za ndoa, poda nyekundu, na nguo ya kawaida yenye doa la maziwa. Nikasema: "Mimi ni Pabitra wa Shanga za Pabitra, Tansen. Siyo mjane. Walioninunulia kwa kunihurumia, asanteni, na atakayetaka kurudisha arudishe, nitampa chake. Mume wangu ni Dambar Khadka, yuko Qatar, ana kovu kwenye unyusi wa kushoto, amehamishwa mwezi uliopita na hatujamsikia. Wenye ndugu huko, waonyesheni video hii. Leo siuzi kitu."

Nikataka kuzima. Mama akatoka nyuma ya pazia. Hajawahi kukaa mbele ya simu maishani mwake. Akaisogelea mno, nadhani watu waliona pua tu.

"Dambar, ni mama yako. Kama una simu, piga. Kama huna, azima. Kama umeomba ukanyimwa, niambie jina la aliyekunyima."

Bhadau 13

Imesambazwa mara elfu tatu. Hakupiga.

Watano wamedai kurudisha mikufu. Wengine wameandika: "Baki nayo hiyo pesa. Nina mume huko pia."

Bhadau 14

Mvua usiku na mchana. Tumehamisha kitanda upande wa mbele wa nyumba, mbali na mlima. Mama, mimi na Munu tunalala pamoja. Mama anakoroma. Sikujua sauti hiyo inaweza kumtuliza mtu.

Bhadau 16

Saa nne asubuhi. Namba ndefu nisiyoijua. Mkono ulikuwa na unga.

"Pabitra?"

Nikaikaza simu sikioni.

"Wewe, mbona huku kila mtu ananipa pole kwa kifo changu? Mpishi kanipa hata nyama ya ziada."

"Uko wapi?" nikasema, au nililia, sijui.

"Nipo. Hii simu ya mpishi, Lokendra, mtu wa Syangja. Mkewe kamtumia pua ya mama."

Sauti yake imekonda, Dada. Ni ya mtu aliyeugua. Nikambana kidogo kidogo. Aliangushwa na joto kule walikohamishiwa. Wenzake walimmwagia pipa zima la maji, na simu ilikuwa mfukoni, ikafa hapohapo. Kisha hospitali, kisha kambi nyingine, na namba zote zilikuwa ndani ya ile simu.

"Namba yangu huijui kwa kichwa? Miaka mitatu?"

"Nilikuwa nabonyeza picha yako tu," akasema. "Nani aliandika namba?"

Nikataka kumuuliza aliangushwa siku gani, kama ni ile ya shuka jeupe. Nilishafungua mdomo. Mama alikuwa ameegemeza sikio lake kwenye simu kutoka upande mwingine, akanitikisia kichwa: hapana. Usimuulize siku.

Sikumuuliza. Nilimuuliza karatasi ya wakala iko wapi.

"Ninayo. Wanataka niitie sahihi wiki hii."

"Dambar, sikiliza. Nimekufanyia matanga nikiwa hai na wewe ukiwa hai, kwa shuka jeupe. Sitafanya mara ya pili. Usitie sahihi. Njoo Dashain, ule shanga."

Nikasikia mashine huko kwao na mvua huku kwetu.

"Zinauzika kweli?"

"Zinauzika."

"Basi sitii sahihi," akasema. Kisha Mama akaninyang'anya simu, akamtukana kwa upendo dakika kumi nzima.

Bhadau 18

Shangazi Hiradevi amekuja na maziwa mgando, hakupita mlangoni. Mama akamwacha asimame kidogo, akamwambia, "Ingia, wifi, unalowa."

Bhadau 20

Kesho Tij. Nitafunga kwa ajili ya Dambar bila kumeza hata tone la maji, na sijawahi kuitamani njaa kama hii. Mama amepika wali wa maziwa wa leo, ametia sukari kupita kiasi.

Bado naogopa. Ufa upo, Dashain ni mbali, na ndege ni kitu cha angani. Ila sasa tunaogopa wawili, na ninafanya kazi. Tangu ile video maagizo yamekuja ya aina nyingine. Wanawake wanataka shanga kama zile nilizokuwa nimevaa mwenyewe. Wanavutana bei mpaka nafurahi. Yote ni ya Dashain, na akiba yangu ya shanga imekwisha. Daftari hili nalituma kwa konda wa basi la keshokutwa. Ukimaliza kusoma, nenda kwa muuza shanga wako wa Indra Chok, unitumie:

Shanga nyekundu nyembamba, mafungu thelathini, ile nyekundu iliyoiva, siyo ya waridi.

Za kijani mafungu kumi.

Za dhahabu mafungu manane. Za bluu usilete hata moja.

Uzi wa nailoni vibunda vinne, mweupe usinunue, leta mwekundu.

Sindano ndefu pakiti mbili, Munu ameficha zangu na hasemi wapi.

Vishikizo mia moja.

Dawa ya mgongo ya kupaka, ile yenye harufu kali.

Mkufu mmoja wa shanga za zambarau, uliokwisha kutungwa, kwa ajili ya Mama. Hakuomba. Alisema tu kwamba rangi hiyo mjane hakatazwi.

Na shingo moja ya mbao, kama zile wanazovisha mikufu madukani, ya kupigia picha. Yangu ina kazi.